Chui Zizini: Uchambuzi wa Usiku Mmoja Katika Ploti ya Nairobi

Kabla ya kuanza

Kisa hiki nimekiokota kipande kwa kipande kutoka kwa wapangaji kumi na tisa, keateka (msimamizi wa jengo), soja wa lango, na jumbe za kundi la WhatsApp la ploti. Jina la jengo, mtaa, mwaka na nambari za nyumba nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya pembeni nimeyageuza ili mtu asitambulike. Mpangilio wa matukio sikuugusa.

Kazi yangu ni kuketi na kamati za wapangaji na kuzungumzia usalama. Visa vya kufundishia ninavyo vingi, lakini hiki hukitanguliza kwa sababu hakina mjinga ndani yake. Kila aliyekosea usiku ule alikuwa na sababu ambayo mimi na wewe tungeikubali, lau tungekuwa tumesimama pale gizani.

Jengo

Anayeijua mitaa ya Pipeline, Zimmerman, Kayole au Umoja ameshaliona jengo hili hata kama hajawahi kulifikia. Chini ni maduka: M-Pesa, kinyozi, mama wa mboga, duka la gesi. Juu ya maduka kuna orofa saba, kila moja na nyumba kumi, nyingi zikiwa bedisita, yaani za chumba kimoja. Keateka alikadiria kwamba watu waliolala humo usiku ule walikuwa kama mia na sabini.

Ngazi ni moja. Inaanzia kwenye lango la chuma kati ya duka la gesi na la kinyozi, inazunguka uwazi ulioachwa katikati ya jengo ili kuleta mwanga, na kuishia paani, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo. Mwanga unaofika orofa ya pili kupitia uwazi ule ni kidogo. Kinachofika bila shida ni harufu ya vitunguu na maneno ya watu wanaogombana. Kumbuka hilo la maneno, litatufaa baadaye.

Madirisha yote yana grili zilizochomelewa ukutani. Hakuna inayofunguka. Lango hufungwa kwa kufuli la Solex saa tano usiku na kufunguliwa saa kumi alfajiri, wakati watu wa soko na wa viwandani wanapoanza kutoka. Funguo ni mbili: moja ya soja, nyingine ya keateka.

Umeme wa kila nyumba una mita yake ya tokeni. Taa za ngazi na koridoo ziko kwenye mita ya mwenye nyumba, na tokeni zake hununuliwa na ajenti kwa simu.

Mwisho, kuna dakti. Ndivyo mafundi wanavyoliita lile shimo jembamba lililojengwa pembeni mwa ngazi kupitisha mabomba ya maji safi na ya maji taka kutoka paani hadi chini. Kila orofa ina kimlango chake cha bati, cha kufika kiunoni, ili fundi aweze kuziba bomba linalovuja. Ndani kuna vyuma vya kukanyagia. Wapangaji wengi wa miaka mitatu minne waliniambia walidhani vile vimlango ni vya mita.

Siku tisa kabla ya tukio, nyumba moja ya orofa ya tano ilikuwa imepigwa kufuli kwa deni la kodi ya miezi miwili. Mambo kama hayo hutokea kila mwezi, kwa hiyo nataja na kupita.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua ya masika ikitishia tangu alasiri.

Saa tatu na dakika tano, taa za ngazi zilizimika. Hakuna aliyeshtuka. Wapangaji wamezoea kupanda wakiwa wamewasha tochi za simu.

Saa tatu na nusu matone yalianza. Kijana wa orofa ya sita alikimbia paani kuanua nguo za familia. Mkono wa kulia ulikuwa na simu, wa kushoto umekumbatia mashuka. Alipogeuka mlangoni alihisi kitu kama waya wa moto mkononi. Simu ilianguka. Hakumwona mtu. Aliteremka ngazi akipiga ukelele ambao kila mtoto wa Nairobi anaujua: "Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Milango ikafunguka jengo zima.

Soja naye alisikia. Alikuwa peke yake langoni, na rungu, koti la mvua na simu isiyo na salio. Akafikiri haraka: mwizi yuko ndani, nikifunga hatoki, halafu nikalete watu. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akatoka mbio kuelekea stendi ya bodaboda na kutoka hapo kituoni. Haikuwa imefika hata saa nne kasorobo.

Saa nne kasorobo wanaume tisa walikusanyika orofa ya nne wakapanda, wengine na mapanga, mmoja na kipande cha nondo, mmoja na mwiko wa chuma wa kupikia chapati. Walikubaliana wazime tochi ili mwizi asiwaone wakija. Wakati huohuo, baba mmoja wa orofa ya sita alikuwa akiteremka kwenda kumsaidia yule kijana, naye amezima tochi kwa hoja ileile. Walikutana kwenye kona ya ngazi. Alipigwa rungu mara mbili kabla hajatamka jina lake, na mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Wale tisa walifika paani, wakazunguka matangi, wakakuta mashuka yamelowa sakafuni na hakuna mtu. Jengo la jirani limepakana nao, na mtu mwepesi anaweza kuruka. Wakahitimisha kwamba ameruka. Ujumbe ukaandikwa kwenye kundi: "Ameenda. Mko sawa."

Saa nne na dakika ishirini, mama wa orofa ya tatu, akiwa ameusoma ujumbe huo, alifungua mlango akamchukue mtoto wake aliyekuwa akitazama televisheni kwa jirani, nyumba nne mbele. Alikatwa begani alipopita kando ya ngazi. Alisema, na nimemwuliza mara tatu kwa siku tofauti, kwamba mkono ulitoka ukutani.

Hakuna aliyemwamini. Walichoelewa wapangaji ni kwamba mtu wa paani sasa yuko orofa ya tatu, hakupita ngazini walikosimama watu, na kwa hiyo lazima wawe wawili au watatu. Kundi la WhatsApp likawaka. Katika saa mbili na nusu nilihesabu jumbe mia tatu na zaidi. "Ni watatu wako na bunduki." "Wameuwa soja." Picha ya damu kwenye vigae ilitumwa, na vigae hivyo haviko katika jengo hilo hata kimoja. Mtu akauliza kuhusu kijana mgeni wa orofa ya pili, yule wa kurudi usiku wa manane kila siku. Dakika chache baadaye wanaume wanne walikuwa wakibisha mlangoni kwake wakimwamuru atoke. Hakufungua wala hakujibu. Nilipozungumza naye aliniambia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango, akimpigia dada yake simu ya kuagana.

Kurudi usiku kwake kulikuwa kwa sababu ya kazi ya bekari.

Maamuzi matatu, na waliyoyafanya

*La kwanza: kukaa ndani na kuwasha taa.* Orofa ya nne anaishi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Saa nne na dakika arobaini alituma ujumbe wa sauti wa sekunde ishirini, na kwa kuwa wengi walikuwa wameacha kusikiliza jumbe, alisogea kwenye dirisha la uwazi wa katikati akausema tena kwa sauti ya gwaride. Kila mtu arudi ndani afunge. Kila nyumba iwashe taa zote, ifungue pazia la dirisha linalotazama koridoo. Kila orofa, mtu wa nyumba ya kwanza ahesabu watu wa orofa yake na kuitikia dirishani. Asifungue mtu mlango kwa kubishiwa. Anayetaka kuingia apige simu kwanza.

Nilimwuliza alifikiria vipi taa. Alinijibu kama anayemweleza mwanafunzi mzito: "Giza ni la mwenye nyumba. Stima ya ndani ni yangu, nimelipa."

Ndani ya dakika kumi koridoo zote saba zilikuwa na mwanga wa madirisha. Baada ya hapo hakuna aliyekatwa tena.

*La pili: kumpelekea majeruhi msaada.* Mama wa orofa ya tatu alikuwa akivuja damu, na aliyejua la kufanya, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa orofa ya tano. Kwanza alimwelekeza mume wa majeruhi kwa simu: kunja leso, bana kwa nguvu, hesabu dakika kumi kwenye saa na usiinue kuchungulia. Kuchungulia ndiko kulikokuwa kukiharibu. Kila alipoinua damu ilianza upya. Saa tano na robo, sauti ya majeruhi ilipoanza kulegea, mwanafunzi huyo aliamua kushuka. Walimshusha watu watatu, wamejikinga kwa godoro mbele na mlango wa kabati nyuma, kila orofa ikipewa taarifa dirishani kwamba wanapita. Walipita kwenye vimlango viwili vya dakti. Sisemi ulikuwa uamuzi sahihi. Nasema walijua wanachokihatarisha, na kwa ajili ya nani.

*La tatu: kutofungua lango.* Hili ndilo ninalolitumia muda mrefu zaidi darasani. Kufikia saa tano, watu kama thelathini wa orofa za chini walikuwa wamesongamana langoni na watoto. Duka la gesi lilikuwa na nyundo na patasi. Walimwomba keateka afungue au aruhusu kufuli livunjwe. Alikataa. "Mkifungua atatoroka, na kesho atarudi kwenu." Akaongeza kwamba ufunguo wake hauonekani. Baadaye alikiri kwamba ulikuwa mfukoni muda wote.

Wengi walimwunga mkono. Ningependa msomaji asimtupe keateka upesi hivyo. Alikuwa ameona wezi wakitoroka mara nne katika jengo hilo, na kila mara wapangaji walimlaumu yeye na ajenti akamkata mshahara. Mtu aliyefundishwa kwamba kosa lake kubwa ni kumwacha mwizi atoke, usitarajie usiku mmoja akageuka kuwa zimamoto. Lakini tazama alichofanya: alimfungia chui zizini pamoja na mbuzi, kisha akalinda mlango chui asitoke.

Polisi na jengo lisilo na jina

Simu kumi na moja zilipigwa kwa polisi kati ya saa tatu na nusu na saa tano na nusu, nyingine kwa 999, nyingine kwa 112, nyingine moja kwa moja kituoni. Nimeorodhesha namna wapigaji walivyolitaja jengo. Watatu walitumia jina la mwenye nyumba. Wawili walitumia jina lililoandikwa langoni, ambalo rangi yake imebambuka herufi tatu. Mmoja alisema "pale kwa kinyozi". Waliobaki walisema "ploti ya kijani karibu na transfoma", na katika barabara ile kuna ploti za kijani nne na transfoma mbili. Gari la polisi lilifika mtaani mapema kuliko wapangaji wanavyoamini. Lilisimama barabara ya nyuma, kwenye ploti nyingine ya kijani, likakuta watu wamelala.

Soja ndiye aliyewaleta, saa sita na dakika kumi, akiwa na ufunguo na waendesha bodaboda sita. Kabla lango halijafunguliwa, mwalimu alipaza sauti tena: mapanga yote chini, sakafuni, nje ya mkono, mikono ionekane, asikimbie mtu kwenda kwa polisi wala kutoka kwao. Pengine ndilo agizo lililookoa roho nyingi zaidi, na halitajwi kabisa wapangaji wanaposimulia. Tangu jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi, Septemba 21, 2013, waliposhambuliwa watu na 67 wakauawa, tunajua hatari inayokuja pale waokoaji wenye silaha wanapoingia jengo na kushindwa kutambuana. Polisi anayepanda ngazi gizani na kukutana na mwanaume mwenye panga hana njia ya kujua kama huyo ni mpangaji.

Saa saba hivi, afisa mmoja aliyekuwa akishuka kutoka paani aligundua kitu kidogo. Vimlango vya dakti vya orofa zote vilikuwa na kufuli dogo nje, isipokuwa cha orofa ya tatu na cha sita. Hivyo viwili vilikuwa vimefungwa kwa waya, na fundo la waya lilikuwa upande wa ndani.

Mshambuliaji alikuwa amekaa juu ya chuma cha kukanyagia kati ya orofa ya tatu na ya pili, magoti kifuani, panga limechomekwa nyuma ya bomba la maji taka. Alitolewa bila vita. Nje palikuwa na watu zaidi ya mia wa mtaani, na mtu alikuwa ameshabingirisha tairi hadi mbele ya kinyozi. Polisi walimpitisha kwenye mlango wa nyuma wa duka la gesi.

Tochi ilipommulika uso, mama mmoja wa orofa ya tano alimwita mtu huyo kwa jina la mtoto wake, kama tunavyowaita watu: "Si huyu ni Baba Fulani?" Alikuwa yule wa nyumba iliyopigwa kufuli. Mtoto na mama yake walikuwa wameshapelekwa mashambani. Yeye alikuwa amebaki.

Matokeo

Majeruhi ni watatu. Mkono wa kijana ulishonwa na unafanya kazi, isipokuwa kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Bega la mama lilipona. Mfupa wa mtulinga wa yule baba, aliyevunjwa na majirani zake, ndio uliochukua muda mrefu zaidi. Hakuna aliyekufa. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo kuhusu nia ya mshtakiwa na hali ya akili yake sitasema neno, na kwenye mafunzo huwazuia wanaojifanya madaktari.

Kufikia mwisho wa mwezi, familia kumi na moja zilikuwa zimehama. Keateka alifukuzwa.

Uchambuzi

*Neno "mwizi".* Nikiulizwa kosa la kwanza la usiku ule, sitaji panga wala giza. Nataja ukelele. Kijana hakuibiwa kitu. Alishambuliwa na mtu asiyeonekana, katika jengo lenye ngazi moja. Lakini mji huu umetufunza ukelele mmoja tu, na ukelele huo una maana moja: tokeni nje, mje na chochote mlicho nacho. Kwa mwizi wa simu barabarani, hufanya kazi, ingawa mara nyingi hufanya kazi kupita kiasi na mtu akachomwa. Kwa mshambuliaji aliyejificha ndani, unamtolea watu mmoja mmoja gizani. Ploti ile sasa ina maneno mawili. "Mwizi" bado lipo. La pili ni "Fungeni!", na watoto wamefanyishwa mazoezi mpaka wanalichezea koridoni. Kamati nyingine zimechagua filimbi. Chombo si hoja. Hoja ni kwamba ukelele ubebe agizo sahihi.

*Wale tisa.* Wapangaji bado wanawasifu, na mmoja alikasirika nilipokataa kuwasifu pia. Ujasiri wao siupingi. Lakini walipanda bila kujua wanamtafuta nani, bila kukubaliana neno la kutambuana, na tochi zimezimwa. Wakampiga mtu wao, kisha wakatangaza "Ameenda" kwa ushahidi wa paa tupu. Tangazo hilo ndilo lililomtoa mama wa orofa ya tatu nyumbani kwake. Mtu asiyeonekana hajaenda mpaka aonekane akienda. Kuhusu sheria, kwa sababu huulizwa kila mara: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kinatambua kujitetea, wewe na mali yako, na kupima nguvu iliyotumika kwa misingi ya sheria ya Uingereza inayotokana na maamuzi ya mahakama. Kwa lugha ya koridoni: nguvu ilingane na hatari iliyo mbele yako. Kumpiga mtu asiyejulikana kwenye kona kwa kuwa anateremka hakumo. Yule baba angeweza kuwashtaki. Aliamua kutoshtaki, na bado wanakutana ngazini.

*Kukimbia wapi?* Ushauri ulioenea duniani kutoka mjini Houston, Marekani, tangu mwaka 2012 ni maneno matatu kwa mpangilio: kimbia, jifiche, pigana. Nimewaona wakufunzi wakiuleta Nairobi kama ulivyo na kuwasomea wakaazi wa ploti. Kukimbia ni la kwanza kwa mtu aliye katika jengo lenye milango minne. Kwa mtu wa orofa ya sita mwenye grili zilizochomelewa, ngazi moja na lango lililofungwa na mtu aliyeondoka na ufunguo, kukimbia ni kuelekea kwenye kisu. Kwake la kwanza ni kufunga mlango. Shambulio la hoteli na ofisi za DusitD2 hapa Nairobi, Januari 15, 2019, ambako watu 21 waliuawa, wengi walisalimika kwa kujifungia ofisini na vyooni wakisubiri polisi wawatoe kwa makundi, usiku kucha. Bedisita yenye mlango wa chuma ni ngome nzuri kuliko ofisi ya vioo. Mwalimu hakuwahi kusikia habari za Houston. Alitazama jengo alilomo akajua.

*Lango.* Hata hivyo, kufunga milango ya nyumba si kufunga jengo. Mimi hutenganisha mambo haya mawili mpaka watu wanachoka. Kama badala ya panga ungekuwa moto kwenye duka la gesi, nisingekuwa na watu kumi na tisa wa kuwahoji. Ufunguo wa lango wenye nakala moja iliyo mfukoni mwa mtu anayekimbia, na nyingine kwa mtu anayeogopa kukatwa mshahara, si usalama. Ploti ile sasa ina komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, limezibwa kwa bamba ili mkono wa nje usilifikie. Fundi wa kuchomelea wa barabara hiyohiyo alilitengeneza kwa siku moja. Ajenti alipinga akisema watu watahama usiku na deni. Sikumwona kama mtu mbaya aliposema hivyo, niliona tu jengo lile lilijengwa kumlinda nani.

*Giza.* Wapangaji wote niliozungumza nao siku za mwanzo waliamini kwamba mshambuliaji alikata umeme wa ngazi. Walilisimulia kama ushahidi kwamba alikuwa stadi, amepanga, na ana wenzake. Ukweli ni kwamba tokeni ziliisha. Ajenti alikuwa harusini, simu kwenye chaji. Dhana hiyo moja ilizaa nyingine zote, zikiwemo zile bunduki na wale watatu. Tunapokuwa gizani huwa hatukubali kwamba jambo limetokea tu.

*Mkono uliotoka ukutani.* Aliyekuwa na habari sahihi kuliko wote alikuwa mama aliyekatwa, na aliitoa mapema, saa nne na nusu. Hakuna aliyeifanyia kazi kwa sababu ilisikika kama maneno ya mtu aliyepagawa. Lau mtu mmoja angeuliza, "Ukutani wapi?", dakti lingejulikana saa mbili na nusu kabla. Mkono kutoka ukutani ni habari ngeni. "Ni watatu wako na bunduki" ni habari tuliyoizoea, na tuliyoizoea ndiyo iliyoenea. Ninachowafundisha kamati sasa ni hiki kidogo: mwenye jeraha aulizwe maswali matatu, wapi hasa, kutoka upande gani, ulisikia nini, na majibu yaandikwe kama yalivyo bila kupambwa wala kusahihishwa.

*Anwani.* Hili halihitaji maelezo. Jina na nambari sasa vimepakwa rangi ukutani, kwa herufi za urefu wa mkono, na kila mlango una kibandiko ndani chenye sentensi ya kumsomea polisi. Gharama ilikuwa kopo moja la rangi.

*Kufuli ya orofa ya tano.* Nimejiuliza kama sehemu hii inahusu. Wengine wa kamati waliniomba niiache kwa sababu inasikika kama kumtetea mtu aliyewakata. Simtetei. Lakini kisa kinachoanza saa tatu na nusu usiku kimekatwa kichwa. Mwenye nyumba anayedai kodi ana njia ya kisheria: Sura ya 293 ya Sheria za Kenya inamruhusu kukamata mali ya mdaiwa, kupitia dalali aliyeidhinishwa. Kufuli lililopigwa na keateka mchana mpangaji akiwa kazini haliko humo. Na mdaiwa angeenda wapi? Baraza la kodi chini ya Sura ya 296 linahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sijui bedisita ya bei hiyo imebaki barabara gani ya mji huu. Alikuwa amewahi kumsaidia fundi wa mabomba kwa vibarua, ndiyo maana alilijua dakti. Panga lilikuwa lake, la kukatia majani shambani, lililobaki kwenye begi moja aliloruhusiwa kutoa.

*Kilichoonekana kabla.* Nyuma ya tangi la tatu polisi walikuta blanketi, sabuni, kandambili na sahani ya bati. Siku tisa. Katika siku hizo, wanawake wasiopungua ishirini walipanda kuanika nguo, na mafundi walipanda mara mbili. Waliokumbuka kitu walikuwa wanne: mmoja aliona blanketi akadhani ni la soja, mwingine alisikia kikohozi akateremka haraka. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda usalama wao, upo tangu 2013, na ploti ile ina mwakilishi, mtu mzuri, anayekutana na chifu. Hakuna aliyemwambia, na sidhani wangemwambia nini. "Kuna blanketi"?

Niliporudia jumbe za kundi kutoka mwanzo, nikirudi nyuma kupita usiku wa tukio, nilikuta ujumbe wa siku sita kabla, saa moja asubuhi, kati ya tangazo la maji na mtu anayeuza kuku wa kienyeji. "Nani anaacha sahani huko juu kwa tenki? Imeoshwa vizuri sana." Ulijibiwa na mtu mmoja, kwa kikaragosi cha kicheko.